Ndege ya Saruji

Kot Bhagtan, karibu na Jalandhar
Siku ya pili baada ya Lohri

Kwa mdogo wangu mpenzi Jagroop,

Sat Sri Akal. Pokea salamu za dada yako Ramneek, na nyuma yangu salamu za Mama, za Baba, na hata za yule nyati wa maziwa mwenye pembe moja, ambaye tangu uondoke hakubali kukamuliwa na mtu kabla hajamtia teke. Afya zetu si haba. Magoti ya Mama yanamsumbua kwa ukungu huu wa Januari, Baba anakohoa kidogo, mimi mwili wangu mzima. Natumaini nawe u mzima, unakula, unalala, na umepata blanketi la maana.

Najua umeshtuka kuipata barua hii. Tulia, hakuna aliyekufa. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu ya nyumba hii si ya kusemea siri. Ukipiga, Mama hufungua sauti yote mpaka mke wa Gurnam anakuitikia salamu kutoka ng'ambo ya ukuta. Basi keti uisome kwa mpangilio wangu. Nikianzia mwisho nitalia tu, na karatasi zenyewe ndizo hizi.

Sikukuu ya moto ya Lohri mwaka huu tumewasha moto mlangoni kwetu. Hatukupanga. Mke wa Gurnam alikuja mapema na wenzake, akamwambia Mama kuwa nyumba yenye mtoto Australia haiwezi kuota moto wa watu, mwaka huu karanga na ufuta wa mtaa mzima utoke kwetu. Mama akacheka kwa furaha, akanituma dukani nikakope. Ndivyo tunavyoishi siku hizi, Roop. Mchango wa gurudwara, nyumba yetu ya ibada, tunapangiwa fungu la watu wa ng'ambo. Fundi wa pampu akitazama juu ya paa letu, bei inapanda kabla hajafungua mkoba. Hata yule mzee muuza makaa, aliyekuwa akitupunguzia, sasa ananiambia: "Binti wa Mohinder, wewe nawe unaomba kupunguziwa? Si mna ndege?"

Ndiyo, tuna ndege. Acha nikukumbushe ilivyofika pale juu. Unayajua yote, lakini uliyaona ukiwa wewe, na mimi nataka uyaone kutoka pale nilipokuwa nimesimama.

Baba ametumia maisha yake kuwajengea watu matangi ya maji ya saruji yenye maumbo juu ya mapaa. Amejenga tai, amejenga mpira, amejenga trekta, na yule mzee wa Phagwara alimjengea chupa ya pombe kubwa kuliko bafu letu. Lakini kazi iliyomlisha ni ndege. Kila nyumba iliyopeleka mtoto Kanada, Italia au Uingereza ilimwita Baba aweke ndege ya saruji, ili mpita njia ajue kuwa hapa mtu ameruka. Sisi wenyewe tulinywa maji ya tangi jeusi la plastiki. Baba hakuona aibu. Alikuwa akisema desturi ni desturi: mtu huruka kwanza, ndege huwekwa baadaye.

Kisha wewe ukafaulu mtihani wa Kiingereza, na Sethi wakala akatuandikia kiasi cha fedha kinachotakiwa kwa masomo ya Melbourne. Tulikuwa nacho, Roop. Kwa kubana na kuuza mahindi yaliyokuwa ghalani, tulikuwa nacho. Baba alikuwa amekwisha kukifunga kwenye kitambaa, akisubiri tu karatasi moja ya chuo. Karatasi ikachelewa, mwezi wa Julai wa mwaka juzi ukaingia, na ada ya visa ikapanda zaidi ya maradufu. Fedha za kuonyesha benki nazo zilikuwa zimeongezwa kabla hatujapumua. Ninakumbuka Baba akiwa amekishika kile kitambaa mbele ya meza ya Sethi kama mtu aliyeleta mahari kwenye nyumba ambayo bibi harusi keshaolewa.

Sethi, kwa ule mdomo wake wa mafuta, akamwambia: "Mzee, visa siku hizi ni kama nyanya. Ukisubiri bei ishuke, kijana wako atazeekea hapa."

Baba ndiye peke yake aliyecheka. Mimi nilimuuliza Sethi kama wakikataa fedha zinarudi. Akaniangalia kwa huruma. "Dada," akasema, "hiyo ni ada ya kuuliza. Kujibiwa ndiyo au hapana ni bahati yenu."

Basi zikaenda bangili zangu nne, zile Bibi alizoniachia kwa ajili ya harusi. Akaenda nyati mwenye ndama. Likaenda shamba la juu, la ngano. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Nilizivua zile bangili kwa hiari na nikaosha mikono kwa sabuni ili zitoke bila kukwaruza. Nakuambia kwa sababu moja tu, ujue kuwa mtu aliyetoa vyote hivyo hawezi kuambiwa kuwa ametoa bure. Akili yake haikubali. Ya Baba ilikataa kabisa.

Ndipo akafanya kosa ambalo fundi wa ndege hakutakiwa kulifanya. Siku uliporudi kutoka kupimwa kifua na kutoa alama za vidole, alipanda juu ya paa na ndoo ya saruji. Mama akamkumbusha desturi. Baba akamjibu kwamba hakuna serikali duniani inayoweza kupokea fedha kama zile kisha ikasema hapana. "Hata mwizi ana haya," akasema. Alijenga kwa majuma kadhaa. Akapaka rangi nyeupe na buluu, akaweka madirisha madogo, na kwenye mkia akaandika jina lako kwa herufi za Kiingereza ili hata wageni walisome. Mama akapeleka gurudwara ndege ya kuchezea, sadaka ya kuombea safari, akaiweka pale walipoweka zao akina mama wengine, akarudi na vitamutamu vya ladu vya mtaa mzima. Watu wakaja kutupongeza. Ulisimama chini ya lile bawa ukipokea pongezi na ulikuwa umetazama viatu vyako. Mimi nikadhani ni haya.

Ukasema visa imetoka. Mama alilia, Baba hakulia, alipanda juu kuunga bomba. Tukafunga mizigo, Mama akakutilia mabonge ya unga wa samli na lozi, na achari mtungi mzima. Pale stendi ya Jalandhar wewe mwenyewe ulitukataza kuja Delhi. Ulisema: "Dada, msije mpaka uwanjani. Kule jamaa hawaruhusiwi kuingia, mtasimama nje ya kioo mkilia bure." Nilijisemea moyoni, tazama mtoto huyu alivyo na huruma, anatuhurumia nauli. Basi likaondoka. Mama alilipungia mkono mpaka likawa halionekani, kisha akaendelea kulipungia basi la Amritsar lililokuwa nyuma yake.

Mama sasa ni mtaalamu wa hali ya hewa ya Melbourne. Kila asubuhi mke wa Gurnam humsomea kwenye simu yake. Huku sisi tunatetemeka, yeye anakuhofia jua la huko. Mwezi wa Julai mwaka jana, tulipokuwa tukiungua, ndipo alipokuhofia baridi, na wewe ukamwambia kwenye simu kuwa ni kweli, unavaa sweta mbili. Ile sweta ya kahawia uliyompelekea kwa mkono wa yule rafiki yako aliyekuwa "amerudi likizo" haivui. Anailalia. Anawashikisha wageni mkono wake na kuwaambia wapapase, sufu ya Australia si kama hii yetu. Mimi nimeifua mara nyingi. Mahali pa lebo pana uzi umekatwa kwa wembe, vizuri sana, kazi ya mtu anayeshika sweta nyingi.

Na mimi nimeposwa, hilo unalijua, na watu wa Nakodar. Usilolijua ni kwamba mama wa kijana, siku ya kwanza alipofika, hakunitazama mimi, alitazama juu. Akauliza ni mwaka gani umeenda. Walipoketi, hawakutaja gari wala fedha. Walisema wao si watu wa tamaa, wanachoomba ni kaka wa bibi harusi amshike mkono shemeji yake, amvutie huko na agharamie ada yake tu, kwa kuwa imepanda na wao hawaiwezi. Baba alisema tutaona. Wametupa mpaka Baisakhi, sikukuu ya mavuno ya Aprili. Kijana mwenyewe si mbaya, ana meno mazuri na anaongea taratibu. Nilianza kumpenda kidogo, nisikufiche.

Sasa nifike Novemba. Asubuhi moja maji yalikatika. Mama akaanza kuteka kwa pampu ya mkono, na magoti yale, akisema bomba limeziba. Baba hakulitazama bomba. Fundi wa matangi, na nyumbani kwake hakuna maji. Nikampelekea chai juu ya paa. Nilimkuta ameketi chini ya bawa, kilemba hakijafungwa sawasawa, anakwangua kwa ukucha rangi ambayo haikuwa na kasoro. Nikamuuliza tangi lina nini. Alinisimulia chai ikipoa.

Juma lile alikuwa amekwenda Ludhiana kununua rangi na nondo za kazi ya watu. Kwenye mtaa wa viwanda vya sweta alisimama kupisha mkokoteni uliojaa marobota. Aliyekuwa akiuvuta alikuwa amejifunga shali mpaka puani. Baba akamtambua kwa lile bega la kushoto linaloinama, alilokuwa akilipiga kofi tangu utotoni mwako ili unyooke. Alijificha nyuma ya kibanda cha chai, Roop. Baba yetu, mwenye kelele zake zote, alijificha. Kisha akakufuata kwa mbali mpaka kwenye mlango wa chumba chako, akaisoma namba, akarudi na basi bila rangi wala nondo.

Nikamuuliza kwa nini hakukuita. Akasema: "Ningemwita nani? Mwenye jina lile yuko kwenye mkia wa ndege."

Baadaye, nilipokuwa nimeshaanza kushuka ngazi, akaongeza kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi: "Maji yake hayakunipita tena kooni. Nikafunga koki."

Ndiyo maana barua hii imekufikia hapo ulipo, mdogo wangu, na stempu ya hapa hapa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako haikufika hata mwisho wa yale mabonge ya Mama, saa moja na nusu ya basi. Tangu Novemba ninajua kuwa uko Ludhiana. Ninajua kuwa visa haikutoka. Mara ngapi umepiga simu nami nikakuuliza habari za chuo, nawe ukanijibu, na wote wawili tulikuwa tunaigiza kwa ajili ya mama mmoja aliyevaa sweta.

Nilikukasirikia sana. Nilipiga nguo kwenye jiwe mpaka zikachanika. Kisha hasira ikaisha, nikabaki nikiwaza kitu kimoja, jinsi ulivyoisoma ile karatasi ya kukataliwa peke yako, pengine chooni, pengine nyuma ya zizi, huku juu ya kichwa chako Baba anapaka rangi. Ungemwambia vipi? Ningekuwa mimi ningepanda basi lile lile. Moyo wangu unauma ninapoandika hivi, na hakuna wa kumshitakia. Nimlaani nani? Waliopandisha ada hawatujui hata majina. Walichukua ada ya kwanza, hawakutueleza zaidi ya mistari michache, na mlango ukafungwa.

Kama ingekuwa hayo tu, nisingekuandikia. Ningekuacha uchague siku yako ya kurudi. Lakini Baba hataki urudi. Anataka uende kweli.

Amerudi kwa Sethi kwa siri. Ada imepanda tena tangu ile uliyolipa, na Sethi amemwambia kuwa faili lililokataliwa mara moja linahitaji fedha nyingi zaidi benki ili lionekane na uzito. Mtihani wako unakaribia kuisha muda, hivyo nao ni wa kulipia upya. Baba amekubali yote. Jumatatu anatia saini kumuuzia Lakhbir shamba la chini, lile la kisima. Hatuna jingine baada ya hilo. Kisha atakuja kukuchukua mlangoni kwako akupeleke ukatoe alama za vidole kwa mara ya pili.

Nilimwambia kila neno ambalo binti anaweza kumwambia baba yake, na mengine ambayo hawezi. Nilimwambia kuwa fedha zile zitakwenda na hazitarudi, kama za kwanza. Hakunifokea. Alinieleza kwa upole kama anayemfundisha kibarua kuchanganya saruji. "Roop akienda kweli," alisema, "basi hakuna aliyedanganya. Wewe utaolewa, watu wataendelea kutupongeza, na mama yako hatajua kitu. Wewe utaondoka hapa, Ramneek. Mimi nitabaki chini ya ile ndege."

 

Kwa hiyo nakuomba, njoo kabla ya Jumatatu. Usije gizani. Panda basi la mchana, shuka pale dukani wazee wanapocheza karata, mizigo yako begani, uwasalimie mmoja mmoja. Watakucheka. Watasema Australia siku hizi imekuwa karibu. Mke wa Gurnam atapata maneno ya mwaka mzima. Watu wa Nakodar watarudisha shali yetu ya posa na hawatakunywa hata chai. Yote nimeyapiga hesabu moyoni na niko tayari, isipokuwa Mama. Kwa Mama sijui itakuwaje, na sitakudanganya kuwa najua. Lakini aibu hupoa, Roop. Shamba likienda limekwenda.

Najua utatamani kumkubalia. Utajiambia kuwa safari hii watasema ndiyo, na utajikomboa kwa kutulipa sisi. Mimi pia ningetamani. Lakini Baba anaweza kuuza chochote alicho nacho isipokuwa vidole vyako, na bila vidole vyako hakuna faili. Hicho tu ndicho kilichobaki mikononi mwetu, nacho kiko mikononi mwako.

Mama anakusalimu bila kujua kuwa nakuandikia. Hivi sasa yuko uani anamkamua yule mwenye pembe moja, na anakuimbia. Mpe salamu mwenye chumba chako, na kama yule rafiki wa "likizo" yuko karibu, mwambie dada yako anamshukuru kwa kuleta mzigo salama. Funika kifua unapovuta mkokoteni, kikohozi cha Baba kilianza hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Ramneek Kaur

Nimeifungua tena bahasha. Lakhbir amekuja na gari asubuhi hii, amesema karani wa ardhi ana nafasi leo, kwa nini tungoje Jumatatu. Baba alivaa kilemba cha harusi. Mama alimuuliza wanakwenda wapi, akasema kupima paa la mtu. Nilisimama mbele ya gari, Lakhbir akacheka akidhani namtania, na Baba akanisogeza pembeni kwa mikono yake miwili, taratibu, kama anayehamisha mtungi.

Wamekwenda. Usije tena kwa ajili ya shamba, tumechelewa. Yeye ndiye atakayekuja kwako, fedha zikiwa kwenye kile kitambaa cha zamani, kabla hajampelekea Sethi. Sidhani utaweza kumkatalia. Mimi sikuweza. Lakini akigonga mfungulie, mketishe, mpe chai. Na akikuomba vidole vyako, mpe mkono mzima, mshike, urudi naye nyumbani.